Papa Bila Nzi

Kahindo mwanangu,

Barua huanza na salamu, halafu mutu anauliza habari za afya. Lakini wewe uko nyumbani, si mbali na hapa nilipokaa, unakunja vikwembe vyako kwenye valizi, na asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukiwa muzima, unagombana na zipu iliyokataa kufunga. Salamu nitakupa kesho kwa mukono, kama utaukubali mukono wangu. Leo nisome tu mpaka mwisho. Ukifika katikati utataka kuichana karatasi hii. Usiichane, ninakuomba.

Nimekaa kwenye gati la mbao, Kituku, pale penye ubao uliovunjika. Ndiyo, palepale. Ni saa nane za muchana, upepo unavuma, na nimeweka jiwe juu ya kaye hii, daftari ninayoandikia, ili isiruke. Nimechagua muchana makusudi, na upepo makusudi. Sababu utaiona.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako atakuambia mahali pa kuficha kitambulisho, nani wa kukaa naye kwenye bus mpaka Kampala, na namna ya kuishi kwa mama yako mudogo bila kumuchosha. Anayajua kuliko mimi. Mimi niko na neno moja tu, na nimelibeba miaka kumi kama mutu aliyemeza ndoano: akivuta inaumiza, akiacha inaumiza.

Juzi ulikuwa unafua nguo nyuma ya nyumba na rafiki yako Furaha. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, ninafunga ndoano kwenye mushipi. Furaha alikuuliza utarudi lini, kama ni Noeli ao ni wakati wa likizo kubwa. Ukacheka kidogo, kicheko kile chako kisichokuwa na furaha, ukasema: "Mimi sirudi tena Goma. Hapa njo nilimumaliza kaka yangu."

Ndoano ilinichoma kidole, na sikuisikia mpaka niliona damu kwenye suruali.

Kahindo, hukumumaliza kaka yako. Niliyemumaliza ni mimi. Na sisemi hivyo kama wazazi wanavyosema ili kumutuliza mutoto. Ninasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na nilijua tangu siku ile ile.

Ngoja nianze mbali, maana nikianza pale penyewe nitakimbia tena.

Kwetu ni Butembo. Babu yako alikuwa mutu wa biashara, maharagwe na lori, na alitaka niwe kama yeye. Nilikuja Goma juu ya mizigo yake nikiwa kijana, nikaona ziwa, nikashuka, nikakataa kupanda tena. Ndugu zangu wananicheka mpaka leo. Munande gani, mutu wa kwetu, anayekaa siku nzima kungojea samaki wakati wenzake wanauza? Lakini mimi niko na kichwa kigumu, na wewe umekirithi. Muzee mumoja wa Idjwi alinifundisha. Wavuvi wengine walitoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na taa, na nyimbo, wanaenda kuvua sambaza, samaki wale wadogo. Yeye alitoka peke yake asubuhi, kwenye kamutumbwi kembamba kama ganda la muhogo, na mushipi, na kidole chake. Alisema tilapia havuti, anauliza. Anagusa munyoo, anaacha, anagusa tena, kama mutu anayepiga hodi. Ukijibu haraka, amekimbia. Unangoja mpaka anauliza mara ya tatu.

Hayo niliwafundisha ninyi wawili hapa kwenye gati. Kaka yako Kambale alijua kungoja. Wewe hapana! Wewe ulikuwa unavuta hata mawimbi. Unakumbuka mugeni yule aliyekuja na kayaki ya plastiki ya rangi ya machungwa, na fimbo ya kuvulia yenye gurudumu? Kambale alisema: "Papa, ona, mutu amekaa ndani ya kiatu!" Ulicheka mpaka ulimwaga kopo la minyoo. Mugeni alizunguka mbele ya gati asubuhi nzima, hakupata samaki hata mumoja, na Kambale na uzi wake alitoa watatu. Halafu alimupa mugeni munyoo mumoja bure, na sura ya huruma kama padri. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Eh, mutoto yule!

Nimeandika jina lake mara nyingi leo kuliko miaka yote iliyopita.

Sasa nifike kwenye shimo.

Muzee wa Idjwi alinifundisha kitu cha pili, juu ya mazuku. Ninakueleza kama hujui, kwa sababu kule unakokwenda watu hawajui, na siku moja utataka kuwaeleza. Ni hewa nzito inayotoka chini ya mawe haya ya volkano. Haina rangi. Inalala kwenye mashimo kama maji kwenye bakuli, hasa asubuhi pasipo na upepo, hasa baada ya mvua. Mbuzi akiingia harudi. Mutu pia. Muzee alikuwa na kiberiti mufukoni, na hakuwa mutu wa sigara. Kabla ya kushuka mahali pa chini alikuwa anawasha njiti moja, anaishusha polepole mbele ya mwili wake. Njiti ikizimika, anageuka na kurudi, hata kama ameacha mutumbwi wake mule. Alisema: "Mazuku hayana hasira na mutu. Lakini hayana muchezo na mutu."

Shimo unalijua. Hatua thelathini kutoka gati, upande wa kushoto, kati ya mawe mawili meusi. Nililipata mwaka ule uliozaliwa. Chini mule mulikuwa na baridi nzuri, na siku moja niliacha kikapo cha tilapia humo kwa sababu ya jua. Niliporudi saa sita, samaki walikuwa wanang'aa. Hakukuwa na nzi hata mumoja. Niliwapeleka sokoni, na Mama Neema, yule anayeuza karibu na mulango, aliinua kitambaa akashangaa.

"Papa Kambale, unapaka samaki zako dawa gani? Saa hii, na nzi hakuna!"

"Ni baraka tu, mama."

"Baraka gani! Wewe sasa njo Papa Bila Nzi."

Jina lilishika. Wanawake wa soko walikuwa wanaacha samaki za wengine wanangojea zangu. Nilikuwa ninapita na kikapo kichwani, wananiita toka mbali, Papa Bila Nzi, Papa Bila Nzi, na mimi ninatembea kama gavana. Nililipenda jina lile kuliko nilivyopenda kuitwa kwa jina la mwanangu. Usisahau hilo, kwa sababu kosa linaanzia pale.

Nzi hawakuwa wanakataa kuingia shimoni, Kahindo. Walikuwa wanaingia na kufa. Nilikuwa ninawafagia kwa kiganja kabla ninyi hamjafika, weusi, wakavu, kama majani ya chai. Mara moja nilikuta mujusi aliyekufa. Nilijua. Niliwasha kiberiti kama nilivyofundishwa, na njiti ilizimika penye goti langu. Badala ya kuondoka nikafanya hesabu ya mupumbavu. Nikasema, kumbe yanafika kwenye goti tu, na mimi ni murefu. Nitashika pumzi, nitashuka, nitaweka kikapo, nitapanda. Hatua nne chini, hatua nne juu. Nilifanya hivyo miaka tisa na sikufa, na kila siku ambayo sikufa nilijiona fundi.

Halafu niliwaingiza ninyi.

Unakumbuka muchezo wa kushika pumzi? Bila shaka unaukumbuka. Anayeshuka na kurudi juu bila kupumua anapata mukate wa mafuta kwa Mama Neema. Ulikuwa unafanya mashavu kama puto, Kambale anakuhesabia kwa Kifaransa, mimi nimesimama juu ninapiga makofi. Ninyi mulifikiri ni muchezo. Mimi nilijua si muchezo. Niliwapangia zamu, leo Kambale, kesho Kahindo, na niliwaapisha musimwambie mutu yeyote, hata mama, kwa sababu ni siri ya kazi. Nilisema wavuvi wengine wakijua watatuibia mahali. Mungu wangu. Nilikuwa ninalinda shimo lile kuliko watoto waliokuwa wanaliingia.

Na kuna jambo moja ambalo hakuna anayelijua, hata padri.

Jioni ya kabla ya siku ile, mvua ikitaka kuanza, nilishuka peke yangu kuweka kikapo. Nilikuta kuku amekufa humo, kuku mukubwa, wa mutu wa jirani. Shingo yake haikuwa na jeraha. Niliwasha kiberiti, na mara hii kilizimika penye kiuno. Kiuno, Kahindo, si goti! Nilisimama pale juu nikafikiri. Nilifikiri nini? Nilifikiri kwamba mutu akimuona kuku yule watu watajua, na Papa Bila Nzi amekwisha. Nikamuchukua kwa muguu, nikamutupa ziwani. Kikapo nilikiacha humo. Nikaja nyumbani, nikakula, nikawaambia mulale mapema kwa sababu kesho ni Jumamosi, tunaenda wote.

Mvua ilinyesha mpaka alfajiri, na asubuhi hapakuwa na upepo hata kidogo.

Sasa nitaandika asubuhi ile kama nilivyoiona kutoka kwenye mutumbwi, kwa sababu wewe uliiona kutoka kwenye gati, na kutoka kwenye gati hukuweza kuona vizuri.

Nilikuwa nimepata tilapia sita. Nilipiga kelele: "Kahindo! Lete kikapo!" Ilikuwa zamu yako. Wewe ulikuwa umepiga magoti kwenye ubao, mushipi kwenye kidole, na kwa mara ya kwanza katika maisha yako ulikuwa umetulia. Ulijibu bila kugeuza kichwa: "Papa, ngojea kwanza! Iko inauliza!" Kambale alicheka. Alisema: "Kaa, vuta samaki yako. Mimi naenda." Akaruka kutoka gati kwenda kwenye mawe. Nilimuona anajaza mashavu hewa. Nilimuona anaanza kushuka. Wakati huo wewe ulivuta, maji yakapasuka, ukapiga yowe la furaha, na kichwa cha Kambale kikarudi juu kidogo kati ya mawe, akauliza: "Ni mukubwa?"

Ukamwambia: "Mukubwa sana!"

Akacheka, akashuka.

Ninajua umebeba swali lile lake na jibu lile lako. Unafikiri alifungua mudomo juu ya samaki wako. Mwanangu, nisikilize. Mutoto wa miaka kumi na mitatu anaweza kumuuliza dada yake habari za samaki. Hiyo ndiyo kazi ya kaka. Shimo ambalo mutoto hawezi kucheka ndani yake, ni baba aliyemupeleka humo.

Nilihesabu mpaka ishirini, ninapiga kasia polepole kurudi kwenye gati. Nikahesabu tena. Halafu niliacha kasia likaelea. Nilimutoa, unajua, uliona. Alikuwa ameinama juu ya kikapo kama mutu anayetafuta kitu ndani yake. Nilimulaza kwenye mawe, nikamupulizia mudomoni, nikamupiga kifuani, nikamwita kwa jina. Watu walikuja wanakimbia. Alikuwa bado na joto. Joto lile nilikuwa nalo kwenye mikono kwa muda murefu, siwezi kukueleza.

Halafu wanaume wakauliza: "Kikapo kilifika vipi humo? Nani anaweka vitu kwenye mazuku?"

Mimi nikasema: "Ni watoto. Watoto njo wanachezaka huku."

Nilisema hivyo. Mwili wa mwanangu uko kwenye mapaja yangu, na mudomo wangu ulitafuta pa kujificha, ukajificha nyuma yako. Wewe ulisimama na samaki mukononi, bado anapiga mukia. Uliniangalia usoni. Ulikuwa na miaka tisa na ulikuwa umeapa kutunza siri. Ungeweza kusema: hapana, ni Papa anayeweka. Hukusema. Ulisema, kwa sauti ndogo, lakini kila mutu alisikia: "Ilikuwa zamu yangu."

Na mimi nikanyamaza.

Majuto ni mujukuu, wanasemaka, yanakuja nyuma. Yangu hayakuwa mujukuu. Yalikuwa mutoto wa nyumbani, yalikula nasi kila siku. Nilikuwa ninakuona unawatolea wageni miiba kwenye samaki kwa vidole, na wewe mwenyewe huli, tangu siku ile hujaonja hata sambaza moja. Nilikuwa ninakuona unalipita gati hili umegeuza uso. Ulipomaliza shule ya musingi, mutu alikuuliza muko wangapi kwenu, ukasema: "Niko peke yangu." Nilikuwa nyuma yako. Nikasema moyoni, nitamwambia akiwa mukubwa. Ulipokuwa mukubwa nikasema, nitamwambia akipata diplome. Ulipopata diplome nikasema, tusimuharibie furaha. Mutu muoga hakosi kalenda.

Na watu waliendelea kuniita Papa Bila Nzi. Sikulikataa. Jina lile lilikuwa linanifaa kujificha, kwa sababu wangeniita Papa Kambale ningelia. Samaki zangu zilikuwa na nzi sasa kama za watu wote, lakini hakuna aliyeangalia tena, maana walishazoea jina.

Asubuhi ya leo nilimwambia mama yako.

Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisimama kwenye mulango wa jikoni, nikasema yote, kuku, kiberiti, maneno yangu kwa wale wanaume. Muti wa kutwangia ulibaki juu mikononi mwake. Nilifikiri atanipiga nao. Aliuweka chini polepole, akakaa kwenye kiti kidogo, akasema:

"Miaka kumi nilikuwa namuangalia mutoto yule na roho yangu inasema, kama angeenda yeye. Mimi, mama yake! Nilikuwa ninamusuka nywele na mikono yangu inakataa. Nikajiona muchawi. Na wewe ulikuwa unakula kando yangu."

Nikamwambia nitakuandikia. Akasema: "Andika. Lakini utanipa mimi, nitamupa mwenyewe kabla ya jua kuzama. Wewe utaificha." Ananijua. Kwa hiyo ukiipokea barua hii, imetoka mukononi mwake. Uache mukono ule ukushike. Haukukushika vizuri tangu ulipokuwa na miaka tisa, na sababu ni mimi, si yeye.

Kutoka nyumbani nilienda sokoni. Nilisimama karibu na meza ya Mama Neema, nikawaambia wanawake wote kwa nini samaki zangu hazikuwa na nzi. Nilifikiri watapiga kelele. Mama Neema alifunika samaki zake kwa kitambaa, kana kwamba walikuwa wananisikia, akauliza: "Na yule binti anajua?" Nikasema bado. Akasema: "Basi unatuambia sisi ya nini? Enda!" Hakuna aliyenitukana. Ningependa wanitukane.

Halafu nilikuja hapa, nikabeba mawe mpaka saa sita, nikalijaza shimo, nikaweka na miiba juu. Najua hewa ile inapita kati ya mawe, siwezi kuifunga. Lakini hakuna mutoto atakayeshuka tena hatua zile nne. Mikono imechanika, ndiyo maana mwandiko wangu unalala upande. Kabla ya kulijaza niliwasha kiberiti, na kulikuwa na upepo kama sasa. Njiti ilizimika kwenye goti.

Ndipo nilipofanya hesabu niliyopaswa kuifanya zamani. Jioni ile ya kuku, hewa ilifika kwenye kiuno changu. Kiuno changu, wakati ule, kilikuwa juu ya kifua chako. Na asubuhi, baada ya mvua, lazima ilikuwa imepanda zaidi. Kama ungeacha samaki yako ukashuka kama nilivyokutuma, pumzi yako ndogo isingekufikisha kwenye kikapo na kukurudisha. Na Kambale asingengoja kwenye gati. Angekuona umechelewa, angesema huyu anacheza, angekuja kukufuata, angeanguka juu yako. Ningewatoa wawili. Kahindo, miaka kumi umesema samaki yule alimuua kaka yako. Samaki yule alikubakiza wewe. Ulimungoja mpaka akauliza mara ya tatu, kama nilivyokufundisha, na kati ya mambo yote niliyowafundisha hapa, ni hilo peke yake lililookoa mutu.

Sikuombi musamaha. Nimejaribu kuandika neno lile mara mbili, nikalifuta, kwa sababu nikiliandika nitakuwa ninakupa kazi nyingine, na wewe umeshanifanyia kazi ya kutosha. Ulibeba jina langu mbele ya watu ukiwa na miaka tisa. Mwanaume muzima alilala chini ya kivuli cha mutoto.

Kama hutarudi Goma, usirudi kwa sababu yangu. Nichukie mimi, kwa haki kabisa, hata mbele ya watu. Lakini usipande bus kesho ukijichukia wewe. Hilo siwezi. Nimezika watoto wawili wa kiume. Paluku, kaka yenu wa kwanza, alikaa siku tisa duniani, na Kambale miaka kumi na mitatu. Nikikuona unaondoka na mawe yangu kwenye valizi yako, nitakuwa nimezika na wa tatu akiwa muzima.

Jambo moja tu ninakuomba. Kampala watakuuliza jina, halafu watakuuliza muko wangapi kwenu. Usiseme tena uko peke yako. Jina lako lenyewe linakukatalia. Kwetu mutoto haitwi Kahindo hivihivi. Kahindo ni binti anayekuja baada ya wavulana, anayegeuza muzao. Mutu anayejua Kinande akisikia jina lako, anajua mara moja kwamba kuna kaka mbele yako. Mutajie. Sema alijua kungoja samaki, sema aliona mutu ndani ya kiatu akacheka. Na wakiuliza alikufa vipi, usimeze tena siri yangu. Sema baba yako alijua, na alinyamaza.

Kesho asubuhi nitasimama upande wa pili wa barabara, mbele ya bus. Sitakuvuta. Nitauliza tu kwa macho. Ukitaka nivuke, inua mukono. Usipotaka, angalia mbele, na mimi nitaelewa, na nitakaa pale mpaka bus lipotee.

Upepo unaanza kupungua, na mama yako anakuja kuchukua karatasi, ninamuona kule juu. Acha niandike lile nililopaswa kusema mbele ya wale wanaume, wewe umesimama na samaki mukononi, kaka yako bado na joto kwenye mapaja yangu:

Haikuwa zamu yako, Kahindo. Ilikuwa yangu.

Papa Kambale